Baba alikufa kwa kuvimba koo, nami navimba mikono: jibu kwa msomaji

Msomaji wa miaka 29 kutoka Morogoro ameniandikia barua ndefu ambayo nimeifupisha hivi: "Shikamoo daktari. Tangu nilipovunja ungo navimba mikono, miguu na wakati mwingine uso, bila kuwashwa. Tumbo nalo hunisokota siku mbili tatu, kisha huacha lenyewe. Sindano za mzio hazinisaidii, na tangu nianze vidonge vya majira hali imezidi. Marehemu baba alifariki akiwa na miaka 38, usiku wa kuamkia siku ya pili baada ya kung'olewa jino. Koo lake lilivimba hadi likaziba, na mpaka leo wapo ndugu wanaoamini kwamba alilishwa kitu. Shangazi yangu naye huvimba. Mwaka huu mama, mwenye miaka 61, amevimba midomo mara mbili, ilhali upande wake hakuna aliyewahi kuugua hivi. Anatumia dawa ya presha, enalapril. Nimesikia kwamba kuna uvimbe wa kurithi na wa kupatikana ukubwani. Je, sisi tuna upi, na je, koo langu litaziba kama la baba? Nina mtoto wa miaka sita, na mwezi ujao natakiwa kung'oa gego."

Marahaba, na pole kwa msiba ambao naona haujakutoka moyoni. Naanza na gego kwa sababu ndilo lenye tarehe. Ahirisha miadi hiyo mpaka upimwe damu na kupewa kinga ambayo nitaieleza huko mbele, kwa maana kung'oa jino ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuamsha uvimbe wa koo kwa watu wenye maradhi ninayoyashuku kwako. Uvimbe huo hauji mgonjwa akiwa bado kwenye kiti cha daktari wa meno. Huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya saa 4 na saa 30, yaani mgonjwa akiwa nyumbani amelala, na hivyo ndivyo ulivyoniandikia kuhusu baba yako.

Maelezo yako yanaelekea kwenye anjioedema ya kurithi, yaani huo uvimbe wa kurithi uliousikia. Nasema yanaelekea, kwa kuwa barua haithibitishi ugonjwa na damu yako bado haijapimwa, lakini ni nadra kupata maelezo yanayoshabihiana nao kwa kiasi hiki: uvimbe usiowasha na usio na vipele, unaokaa siku mbili hadi tano na kuondoka wenyewe, unaopanda wakati wa balehe, unaozidishwa na homoni ya estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya majira, usiosikia dawa za mzio, na ulioko kwa baba, kwa dada yake na kwako. Maumivu ya tumbo nayo ni sehemu ya maradhi hayo hayo, kwa sababu ukuta wa utumbo huvimba kama unavyovimba mkono, ila hakuna anayeuona. Wapo wagonjwa waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana kidole tumbo, na daktari wa upasuaji akakuta utumbo uliojaa maji tu.

Mjerumani Heinrich Quincke aliuandika uvimbe wa aina hii mwaka 1882, na miaka sita baadaye William Osler, aliyekuwa Marekani wakati huo, akaeleza familia ambayo ugonjwa uliipitia kizazi baada ya kizazi. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1963, ilipobainika kwamba wagonjwa hawa wamepungukiwa na protini moja ya damu inayotengenezwa na ini, iitwayo kizuizi cha C1. Kazi yake mojawapo ni kukidhibiti kimeng'enya kiitwacho kalikreini. Kizuizi kikipungua, au kikiwapo kwa wingi wa kutosha lakini hakifanyi kazi, kalikreini huachiwa ikatengeneza kemikali iitwayo bradikinini kupita kiasi, na bradikinini hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu hata maji yakavuja na kujikusanya chini ya ngozi au chini ya utando laini wa mdomo, koo na utumbo. Takriban asilimia 85 ya wenye upungufu huu wana kizuizi kichache, na waliobaki wana kizuizi kibovu. Ipo pia aina ya tatu, adimu zaidi, ambayo kizuizi ni kizima na hitilafu iko kwingine. Kwa jumla inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 50,000 ana ugonjwa huu, bila kubagua taifa wala rangi.

Natumaini maelezo hayo yanatosha kuwapelekea ndugu wanaosema marehemu alilishwa kitu. Siwalaumu. Mtu mzima aliyeshinda salama, akala chakula cha jioni, kisha akafa kabla ya alfajiri huku ameshika shingo, huwaachia walio hai swali zito, na wasipopewa jibu watalitafuta wenyewe. Lakini tuhuma hiyo ina hasara ya kitabibu, kwa sababu familia inayomtafuta mbaya wake haipeleki watoto wake kupimwa.

Sasa nije kwenye koo. Anayesoma takwimu za ugonjwa huu hukutana na namba mbili zinazoonekana kupingana. Kati ya mashambulizi yote ya uvimbe, yale ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, ni kama asilimia 1 tu, na mengine yote ni ya mikono, miguu, tumbo na uso. Hata hivyo, kiasi cha nusu ya wagonjwa hupatwa na uvimbe wa zoloto angalau mara moja maishani. Namba zote mbili ni kweli, kwa kuwa mtu anayevimba mara kwa mara kwa miaka 40 ana nafasi nyingi za kulikuta shambulio hilo moja. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba historia yako haitabiri chochote. Mtu aliyevimba mikono tu kwa miaka 20 anaweza kupata uvimbe wa koo kesho kutwa, na mwingine ambaye hajawahi kuvimba popote akaanzia kooni. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba koo lako litaziba wala kwamba halitaziba. Ninachoweza kukuambia ni nani hasa hufa. Watafiti wa Ujerumani walifuatilia familia 182 zenye ugonjwa huu, na katika taarifa yao ya mwaka 2012 walieleza kwamba kati ya wagonjwa 214 waliokuwa wamekwisha kufariki, 70 walikufa kwa kukosa hewa. Kati ya hao 70, 63 walikuwa hawajawahi kutambuliwa kuwa na ugonjwa, na waliokuwa wametambuliwa ni saba. Baba yako angeingia katika hao 63. Wewe, ukishapimwa, hutakuwamo.

Uvimbe wa zoloto kwa kawaida huchukua saa kadhaa kufikia kilele chake, wastani ukiwa kama saa nane, na hizo ndizo saa za kuokoa maisha. Lakini wastani usikulaze. Katika taarifa nyingine ya Ujerumani, ya mwaka 2000, mtoto wa kiume wa miaka tisa alifariki dakika 20 tu tangu dalili kuanza. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, na hewa hufuata kanuni kali: upana wa bomba ukipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya hewa inayopita hupanda mara 16. Uvimbe ambao mtu mzima angeuhisi kama tonge lililokwama, kwa mtoto unaweza kuwa umefunga mlango.

Dalili ya kwanza si kukosa pumzi, na hapa ndipo wengi hukosea. Hutangulia hali ya kuhisi kitu kimekaba kooni, kisha kumeza huwa kwa taabu, na sauti hubadilika: inakwaruza, inazama, au inasikika kama ya mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Mgonjwa akianza kutema mate kwa sababu hawezi kuyameza, au pumzi anapoivuta ndani ikitoa mlio, muda umekwisha kwenda sana. Usidanganywe na kioo. Ulimi na midomo vinaweza kuwa vya kawaida kabisa wakati zoloto limevimba, na kinyume chake, uvimbe ulioanza usoni unaweza kushuka kooni baada ya saa chache. Kwa hiyo uvimbe wowote wa uso, ulimi au kinywa kwa mtu wa familia yenu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na sauti ikibadilika ni safari ya dakika hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na bodaboda ndiyo pekee iliyopo. Mgonjwa akae wima, asilazwe chali, na asipewe chai, maji wala kidonge cha kumeza.

Hospitalini pana tatizo ambalo lazima ulijue kabla ya kufika, kwa sababu huenda ukalazimika kulieleza wewe au atakayekusindikiza. Chumba cha dharura hupokea uvimbe wa mzio mara nyingi sana na uvimbe wa kurithi mara chache mno, hivyo mkono wa mhudumu utaenda wenyewe kwenye sanduku lenye adrenalini, haidrokotisoni na dawa za kuzuia histamini, kemikali inayoleta uvimbe wa mzio. Kwa mzio dawa hizo ni sahihi, na adrenalini ndiyo inayookoa. Lakini uvimbe wako hautokani na histamini, unatokana na bradikinini, nazo haziuondoi. Sisemi adrenalini ikataliwe. Pale ambapo haijulikani kama ni mzio au la, ipigwe bila kusita. Ninachosema ni kwamba isipoleta nafuu, asiongezwe dozi ya pili na ya tatu ya haidrokotisoni huku njia ya hewa ikizidi kufungwa.

Dawa zenyewe zipo. Ya kwanza ni kizuizi cha C1 kilichokamuliwa kutoka damu ya watu waliojitolea, kinachochomwa mshipani kwa kiasi cha yuniti 20 kwa kila kilo ya mwili. Ya pili ni ikatibanti, sindano ya miligramu 30 chini ya ngozi, inayozuia bradikinini isifanye kazi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2011. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha hata kidonge cha kumeza shambulio linapoanza. Wagonjwa wa nchi hizo huweka dawa kwenye friji au kwenye mkoba na kujichoma wenyewe. Kwetu hospitali nyingi hazina dawa hizi, na bei yake ni kubwa kuliko uwezo wa familia nyingi. Tulicho nacho katika hospitali kubwa ni plazima iliyogandishwa, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ambayo ndani yake mna kizuizi cha C1 kutoka kwa wachangiaji. Mtu mzima kwa kawaida hupewa chupa mbili, na wengi hupata nafuu, ingawa si wote, na mara chache uvimbe huzidi kwanza kwa kuwa plazima hubeba pia malighafi ya kutengenezea bradikinini. Zaidi ya hayo, lazima iyeyushwe, na kuyeyusha huchukua kama nusu saa. Jua kundi lako la damu na uliandike, ili nusu saa hiyo isigeuke kuwa saa mbili.

Wakati dawa inatafutwa, daktari mwenye uzoefu kuliko wote wa kuweka mpira wa kupumulia aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaongea. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakifai kuwa ndicho mwamuzi, kwa sababu husoma vizuri karibu hadi mwisho, kisha huanguka ghafla. Kuingiza mpira kwenye koo lililovimba ni kazi ngumu. Hufanywa inavyowezekana mgonjwa akiwa macho, kwa kamera nyembamba, na kisu cha kutoboa njia ya hewa shingoni kikiwa kimekwisha andaliwa pembeni. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa makusudi. Zahanati haiwezi kuyafanya haya, basi usipoteze saa zako pale. Ikiwa utaanzia zahanati, iwe ni kwa ajili ya kupata gari la kukufikisha hospitali ya mkoa.

Nakuja kwa mama. Mama yako hana ugonjwa wako, kwa kuwa wewe umeurithi upande wa baba, na bado midomo yake imevimba kwa kitu kile kile. Enalapril, kama zilivyo dawa zote za presha ambazo jina lake kwenye pakiti linaishia na herufi p-r-i-l, zikiwamo captopril na lisinopril, huzuia kimeng'enya ambacho pamoja na kazi nyingine ndicho kinachoivunja bradikinini. Kwako bomba halifungiki, kwake tundu la kutolea maji limezibwa, na mtungi unafurika kwa vyovyote. Hatari hii huwapata watu wachache, chini ya mmoja katika kila 100 wanaotumia dawa hizo, lakini imeonekana kuwa kubwa mara kadhaa zaidi kwa watu weusi. Kwa sababu dawa hizi zimeenea katika kliniki zetu za presha, kisukari na moyo, daktari wa hapa atakutana na uvimbe wa aina ya mama yako mara nyingi zaidi kuliko wa aina yako. Hupenda midomo, ulimi na uso, yaani karibu kabisa na njia ya hewa, na unaweza kutokea wiki ya kwanza au baada ya miaka mingi ya kuitumia dawa bila tatizo. Ndiyo maana hoja ya kwamba "mbona ameitumia siku zote" haina nguvu hapa.

Mama aende kliniki leo au kesho, si siku ya miadi yake, aeleze mara zote mbili alizovimba, na dawa ibadilishwe. Asiiache bila kupewa nyingine, kwa sababu presha isiyotibiwa ina hatari zake. Amlodipine, kwa mfano, haina uhusiano na bradikinini. Kwenye daftari lake iandikwe waziwazi kwamba asipewe tena dawa yoyote ya jamii ile, maana nimekwisha kumwona mgonjwa aliyebadilishiwa enalapril akapewa lisinopril, jambo ambalo ni sawa na kubadili shati huku mwili ni ule ule. Ikiwa ana kisukari na anatumia dawa za kundi la gliptini, amweleze daktari, kwa kuwa mchanganyiko huo huongeza hatari. Hata akiacha, anaweza kuvimba tena katika wiki na hata miezi michache inayofuata, hivyo maagizo niliyotoa kuhusu sauti na kumeza ni yake pia. Wewe nawe, pamoja na shangazi na yeyote atakayethibitika kuwa na ugonjwa wa kurithi, msitumie dawa hizo kamwe.

Uliuliza kuhusu uvimbe wa kupatikana ukubwani. Kitabibu jina hilo hutumika hasa kwa hali ambayo mtu alizaliwa na kizuizi cha C1 cha kutosha, kisha kikaanza kumalizwa baadaye, kwa kawaida baada ya miaka 40, ama na saratani ya tezi za limfu au maradhi mengine ya chembe za kinga, ama na kingamwili zinazokishambulia. Mwaka 1972 ndipo ulipoelezwa kwa mara ya kwanza pamoja na saratani ya tezi. Ni nadra kuliko hata wa kurithi. Koo la wenye uvimbe huo huvimba kama la wenye ule wa kurithi na hutibiwa kwa njia hizo hizo, ila tiba ya kudumu ni kuushughulikia ugonjwa uliojificha nyuma yake, ambao wakati mwingine hujitokeza miaka kadhaa baada ya uvimbe. Simdhanii mama kuwa nao, kwa sababu enalapril inatosha kuyaeleza yote. Akiendelea kuvimba miezi mingi baada ya kuiacha, apimwe.

Kipimo cha kuanzia ni kimoja kwa wote, nacho ni kiwango cha protini ya damu iitwayo C4, ambayo karibu kila mara huwa chini kwa wenye upungufu wa kizuizi cha C1. Ikiwa chini, hufuata kupima wingi wa kizuizi chenyewe na uwezo wake wa kufanya kazi. Ni lazima vipimwe vyote viwili, kwa kuwa wenye kizuizi kibovu huonekana wazima wingi peke yake ukipimwa. Kwa aliyeanza kuvimba ukubwani huongezwa C1q, ambayo hushuka katika uvimbe wa kupatikana na kubaki ya kawaida katika wa kurithi. Omba rufaa ya hospitali ya kanda au ya taifa, na uuandike mti wa ukoo kabla ya kwenda: nani alivimba, nani alikufa ghafla, na katika umri gani.

Majibu yakithibitisha, gego lako ling'olewe hospitalini, si kwenye kliniki ya mtaani, asubuhi, na ubaki chini ya uangalizi hadi kesho yake. Kinga bora ni kizuizi cha C1 saa moja hivi kabla ya kung'oa, na kisipopatikana hutumika plazima. Njia nyingine ni danazoli ya kumeza, kuanzia siku tano kabla hadi siku mbili tatu baada, mradi ihakikishwe kwamba huna mimba, kwa kuwa humdhuru mtoto aliye tumboni. Vidonge vya majira vyenye estrojeni viache sasa, usisubiri majibu, na umwombe mhudumu wa uzazi wa mpango akupe njia yenye projestini pekee au isiyo na homoni.

Mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa ameurithi, awe wa kike au wa kiume, na hata kama hajawahi kuvimba. Umri wa miaka sita unatosha kabisa kupimwa, kwa hiyo nenda naye siku ile ile utakayotolewa damu wewe, na mwalimu wake ajue kwamba akilalamika koo au sauti ikibadilika unapigiwa simu papo hapo. Shangazi naye apimwe, kisha watoto wake, na ndugu zako wa baba wote, wakiwamo wale wasiovimba.